Ufunguo wa Jukiboksi ya Baba

Al Wukair, Doha
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwako dada yangu Wakesho,

Salamu hizi zikukute umeketi, wala usisimame kwa ajili yangu, kwa maana nasikia lile goti la kushoto limeanza tena. Unalikanda na maji ya chumvi au umeliachia Mungu peke yake? Na kile kikohozi cha Mghoi kimeisha? Na yule mbuzi mweupe amezaa? Mimi huku ni mzima kabisa. Jua limenikausha kidogo, lakini watu wanasema limenipunguzia miaka. Juzi askari wa barabarani alitazama leseni yangu, akanitazama mimi, akaniuliza kwa nini naendesha na leseni ya baba yangu.

Najua utashangaa kupokea karatasi. Siku hizi mtu na dada yake ni kutumiana voisi. Lakini voisi zangu wewe unazifungulia kwa sauti ya juu, nyumba nzima inasikia, na shemeji ndiye wa kwanza kucheka. Hii nataka uisome peke yako, chumbani, mlango umefungwa. Ukimaliza utaamua mwenyewe ni nani mwingine aisome. Mwandiko uuvumilie. Mimi niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe mwalimu alinisukuma tu nipite mlango.

Nimeiona video aliyonitumia Mghoi. Nimeitazama mara nyingi kuliko ningependa kukwambia. Naona jukiboksi ya baba imekaa sebuleni kwako, pale palipokuwa na kabati ya vyombo, imepanguswa mpaka dirisha linaonekana ndani ya kioo chake. Na naona shemeji Mghanga amesimama kando, mkono ameuweka juu ya mashine kama mtu aliyetoka mnadani na fahali. Halafu mpwa wangu anasema nyuma ya simu, "Mjomba, ona kazi ya baba yangu," na shemeji anajifanya hajui kama anapigwa picha. Dada, mimi na wewe tumenyonya ziwa moja, sitakuficha. Siku hiyo chakula kilinishinda. Ssenyonga, huyu Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa amekaanga samaki. Nilimwachia wote, na yeye akadhani nina malaria.

Haikuwa malaria. Ilikuwa wivu. Mashine ya baba yangu, mimi mtoto wake wa kiume wa pekee niko hapa napeleka watoto wa watu shule, na mume wa dada yangu ndiye anayeipangusa.

Na voisi yako ya dakika kumi na moja nimeisikia yote. Kwamba mwenye ploti mpya anabomoa ile baa ya baba karibu na stesheni. Kwamba shemeji alikodi gari, akaita wanaume wanane wa kwaya, wakaibeba jukiboksi ikiwa imesimama wima, hatua kwa hatua, mpaka kwako. Kwamba anataka iimbe siku ya harusi ya Mghoi. Na kwamba kimebaki kitu kimoja, ufunguo, ambao uko kwangu, kwa sababu bila huo kifuniko hakifunguki na swichi ya kuiwasha iko ndani. Halafu ukasema, kwa sauti yako ile ya upole ambayo huuma kuliko matusi: "Mwakio, ufunguo usipofika kabla ya wiki ya harusi, Mghanga atatoboa kufuli na drili. Nimemzuia mara tatu. Ya nne sitakuwa na neno."

Nitakujibu habari ya ufunguo, usiruke mistari. Lakini kwanza lazima nikueleze yaliyonipata hapa, maana bila hayo hutaelewa kwa nini nimeshika kalamu.

Unajua mimi ni dereva wa nyumba. Bosi wangu tunamwita Abu Nasser, mtu mpole isipokuwa akiwa na njaa. Baba yake mzazi, mzee wa miaka mingi, anaishi shambani Umm Salal na ngamia zake. Basi siku moja, kabla hata ya video yenu, bosi aliniambia nimpeleke shambani. Kule stoo, nyuma ya magunia ya chakula cha ngamia, akavuta turubai. Dada, nilikaribia kupiga magoti. Jukiboksi! Ndugu kabisa wa ile ya baba, tumbo la kioo, vitufe vimepangwa kama meno, mbavu za bati linalong'aa. Mzee aliinunua ujanani alipokuwa akifanya kazi na Wamarekani wa mafuta, na ilikuwa haijaimba tangu Abu Nasser mwenyewe akiwa mtoto. Bosi alitaka kuileta hapa Al Wukair aifufue, ili mzee aisikie tena angali ana masikio.

Akaniuliza kama namjua fundi. Ningesema nini? Nilimwambia fundi umekuja naye kwenye gari. Nikamwambia mimi nilizaliwa chini ya mashine kama hiyo, mama alishikwa na uchungu wimbo ukianza, na wimbo ulipoisha mkunga alikuwa ameshanifunga kitovu. Nikamwambia kwetu Voi watu walikuwa wanashuka kwenye treni ya Mombasa, wanaiacha iende, ili tu wanione nikibadilisha sindano. Kwa Kiarabu changu hiki cha jikoni ilisikika vizuri zaidi. Bosi akasema yalla, basi ibebe.

Sasa wewe unajua sisi kwetu kitu kizito hakisimamishwi garini. Kabati hulazwa. Friji hulazwa. Mgonjwa hulazwa, na marehemu pia. Nikachukua pikapu ya shambani, nikatandika magodoro mawili, moja langu na moja la Ssenyonga ambaye alikuwa kazini getini na hakuulizwa. Mimi na Wanepali wanne wa shambani tukailaza mashine chali, taratibu, nikaifunika blanketi mpaka usoni. Uzito wake ni wa ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Nikaendesha kama nimebeba maharusi. Lakini barabara za mtaani Al Wukair zina matuta kuliko nyumba, na kila tuta nilisikia nyuma yangu kraa, kraa, kama mtu anatafuna sahani.

Kumbe ule mtambo wa ndani unaochagua santuri umekalia springi, unaelea. Kuna bolti za kuukaza kabla ya safari, na mashine husafiri imesimama. Sikujua. Baba hakuwahi kuihamisha ya kwake. Tulipoisimamisha na kuchungulia kwenye kioo, santuri zilikuwa zimetoka kwenye nafasi zao, zimelaliana, nyingine vipande, na mkono wa sindano umepinda kama mguu wa kuku. Abu Nasser alitazama kwa muda mrefu. Bosi akinyamaza, dereva huanza kuhesabu nguo zake.

Ssenyonga hakunyamaza, kwa sababu alikuwa ameshaliona godoro lake. "Ssebo Mwakio," akasema, "wewe si ndiye ulizaliwa chini ya mashine? Naona leo mashine ndiyo imezaa, tena juu ya godoro langu."

Hata bosi alicheka, na hicho kicheko ndicho kilichoniokoa. Halafu Ssenyonga akazunguka ile mashine mara mbili, akapiga goti, akanusa nyuma yake, akasema inaweza kupona. Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu mtu, ambaye miaka mitatu nimelala kitanda cha chini yake na kumwona kama mlinzi tu, kwao Masaka alikuwa fundi wa redio. Hajawahi kusema. Kama ningekuwa mimi ningewaambia hata paka wa jirani.

Lakini ilikuwa imefungwa, na ufunguo haukuwepo. Bosi akanituma Umm Salal kwa mzee kuuliza.

Dada, hapa soma polepole. Nilimkuta mzee kwenye zulia, amezungukwa na makopo ya biskuti na ya maziwa ya unga. Alikuwa anamimina kopo moja moja: vifungo, misumari, sarafu za nchi ambazo hazipo tena, funguo. Kila ufunguo aliuinua kwenye mwanga, akaugeuza, akauweka chini. Aliniambia ameuweka pahali pazuri, pazuri sana, ndiyo maana haupotei, ila hapakumbuki. Nilirudi kesho yake nikamkuta ametoa makoti yote ya zamani anapapasa mifuko. Siku ya tatu nilimkuta ameinama ndani ya gari bovu lisilo na magurudumu, anachokora chini ya kiti na fimbo yake. Akainua uso, jasho linamtiririka, akaniambia kama mtoto aliyevunja chupa: "Samahani, dereva. Si mtu mwingine. Ni mimi. Ni umri."

Mimi nilikuwa nimesimama pale nimemshikia kopo, na sikuweza kumtazama usoni. Kwa nini, nitakwambia.

Jioni yake Abu Nasser akasema khalas, imetosha, toboeni. Ssenyonga akatoboa kufuli. Sauti ya drili ile ilinipita kwenye meno. Kimebaki kitundu kibaya pale mbele, kama jicho lililotolewa.

Baada ya hapo ikawa kazi. Chumba cha kando ya gereji tulikigeuza hospitali, kila alasiri nikishaleta watoto na yeye akishatoka zamu. Mimi niliosha santuri kwa maji na sabuni, moja moja, nikang'arisha bati, nikasugua kioo. Kazi ya macho hiyo. Ssenyonga alishika kazi ya ndani. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi, akaikwangua kwa mswaki. Mikanda ya mpira ilikuwa imekatika, akakata mingine. Mkono wa sindano akaunyoosha kwa vidole, huku ameziba pumzi. Akaweka transfoma, kwa sababu mashine ile inakunywa stima ya Amerika, nusu ya hii yetu.

Siku ya kwanza kuiwasha ilitoa sauti, nami nikaanza kushangilia. Lakini mwimbaji alikuwa mwanamke na sauti ilitoka kama ya askofu mwenye mafua. Nikawaambia ni santuri imezeeka. Ssenyonga akatega sikio, akasema si santuri, ni mwendo. Stima ya Amerika inapiga haraka kuliko ya huku, kwa hiyo mota inajikokota. Akachukua kipande chembamba cha shaba, akakizungushia mhimili wa mota ukanenepa kidogo tu, unene wa ukucha. Akawasha. Dada, yule mwanamke akapanda juu, sauti ikawa ya asali, mpaka wafanyakazi wa jikoni wakatoka na masufuria mikononi. Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Niliishika vizuri sana, hakuna atakayekataa.

Alhamisi ya wiki jana mzee aliletwa. Nilikuwa nimevaa shati langu la harusi. Bosi akafungua mlango wa majlisi, pale wanapokaa wageni wao wa heshima, akasema, "Ssenyonga, ingia." Halafu akanigeukia mimi, akaniambia saa ya shule imefika, nikawachukue watoto shuleni Abu Hamour.

Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Foleni ilikuwa ndefu mpaka mtoto wa bosi, Nasser, akaniuliza kwa nini napiga usukani. Niliporudi kahawa ilikuwa imeshanywewa, vikombe vimekusanywa. Mzee alikuwa amekaa karibu kabisa na mashine, machozi na kicheko pamoja, na mkono wa Ssenyonga ameushika ndani ya mkono wake. Alikuwa anamwita muhandisi, yaani injinia. Injinia wa geti!

Na unajua Ssenyonga alifanya nini aliponiona mlangoni? Kama angejisifu ningemchukia nikapumzika. Aliwaambia wote: "Huyu ndiye anaijua hii mashine toka utoto. Mimi nilikuwa mikono tu."

Mikono tu. Niliposikia neno hilo nikatoka nje kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Saa kumi nilimrudisha mzee shambani. Nyuma ya gari alikuwa akivumisha ule wimbo puani, kisha akanyamaza. Akaniambia ameona kitundu kwenye kufuli. Nikasema naam, mzee. Akasema ni kwa sababu yake, nimwombee radhi kwa waliopata tabu. Kisha akasema, si kwangu hasa, kama mtu anayejihimiza mwenyewe, kwamba bado atautafuta. Hata kama hauhitajiki. Anataka tu kujua kwamba hakuwa amechanganyikiwa.

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Nikamwambia nasikia tairi. Nikashuka, nikazunguka gari, nikashika tairi mpaka likaniunguza kiganja. Tairi halikuwa na kitu.

Sasa dada, shika mahali.

Wewe na wote nyumbani mnajua kwamba siku ya maziko ya baba nilisimama mbele ya watu nikasema amenijia ndotoni ndani ya ndege, akaniambia ufunguo wa jukiboksi uko kwenye bitana ya koti lake la kijivu. Tukaenda wote, tukapasua bitana, ukawa pale. Shangazi Righa alianguka chini akiimba. Katekista amelitolea mahubiri jambo hilo, nasikia analitolea mpaka leo. Mashine haikufunguliwa, ulikuwa msiba, nami nikaondoka na ufunguo kama mrithi, na hakuna aliyethubutu kuudai, maana ni nani abishane na marehemu.

Hakukuwa na ndoto. Katika ndege ile sikufumba jicho. Ufunguo niliutia mimi kwenye bitana asubuhi ya maziko, mlipokuwa nje mnapika. Ulikuwa kwangu siku zote. Niliutoa kwenye msumari nyuma ya kaunta asubuhi ile niliyoondoka kuja Doha mara ya kwanza, nikauficha ndani ya soksi, na ukafika huku kabla hata sijajua kusema maji kwa Kiarabu.

Utaniuliza kwa nini. Unaikumbuka jioni ya kuniaga, wewe ulikuwa jikoni unakaanga kuku. Baa ilikuwa imejaa. Shemeji alikuwa amefungua kifuniko, kichwa chake chote kiko ndani ya mashine, anafuta sindano kwa kitambaa. Nilikuwa nawahadithia watu jinsi nitakavyoendesha magari ya masultani. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema bila hasira yoyote, na ingekuwa ni hasira ningepona: "Mwakio, nikiondoka mimi mashine hii ataishika Mghanga. Yeye ana mikono. Wewe mwanangu una mdomo." Watu wote walicheka. Na mimi nilicheka, nikacheka kuliko wote, ukatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nilidhani nitamkomesha Mghanga wiki moja tu, halafu nitapiga simu niseme jamani, kumbe umejificha kwenye mizigo yangu. Lakini nilipopiga, wewe ndiye uliyeshika, na ulinieleza baba anavyoutafuta. Amemwaga makopo ya misumari. Amechimba sakafu ya banda la kuku. Amemkataza Mghanga asitoboe, kwa maana ufunguo upo, ni yeye aliyesahau alipouweka. Nikakuuliza habari za mvua. Mwezi uliofuata nikauliza habari za mahindi. Wateja wakahamia baa yenye muziki. Halafu ukaanza kuniambia kwamba baba siku hizi anakuuliza kama amekula, anarudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango, haamini tena kichwa chake. Nilikusikia, dada. Nikauliza habari za mbuzi.

Miaka minne. Baba yetu alikufa akiamini akili yake imeharibika, na akili yake ilikuwa nzima kuliko yangu. Ule ufunguo alikuwa ameutundika palepale anapoutundika siku zote.

Nimeyaandika.

Jumanne anasafiri kuja nyumbani nesi mmoja wa Wundanyi anayefanya kazi huku, anaitwa Mkawasi. Barua hii ataibeba yeye, na ufunguo uko ndani ya bahasha ndogo nimeibandika gundi pande zote. Nimemwambia aweke mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo drili msiiwashe. Kufuli la baba lisiwe na kitundu.

Kisha umweleze Mghanga. Nimefikiria nikuombe usimweleze, nikaandika hivyo, nikaichana karatasi. Mweleze yote, na lile la mikono na mdomo pia, ingawa nadhani alilisikia akiwa kichwa ndani ya mashine. Siku ya maziko, wakati watu wanashangaa ndoto yangu, yeye alikuwa ananitazama. Hakusema neno siku ile, wala miaka yote hii, na kila nikija likizo alinichinjia kuku.

Usidhani wivu wangu umekwisha kwa sababu nimetubu. Nikimfikiria akigeuza ule ufunguo, moyo unaniuma kama jino. Aliibeba mashine wima bila kufundishwa na mtu, na hilo nalo limeniuma. Lakini augeuze yeye. Aelewe kwamba unaenda kushoto, si kulia, na lazima kifuniko akisukume chini kidogo kwa kiganja ndipo kiachie. Asiwashe kabla hajakwangua grisi kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa, na mipira yote aitazame, itakuwa imekauka. Nimejifunza hayo kwa mtu mwenye mikono.

Harusini sitafika, ruhusa nimenyimwa mpaka watoto wa bosi wafunge shule. Mwambie Mghoi mjomba wake ameumia kwa hilo kuliko kwa lolote. Watu wakikusanyika mbele ya jukiboksi na mtu akaanza hadithi ya ndoto, mkatize. Sema mjomba amesema haikuwa hivyo. Hata kama ni katekista, mkatize, kisha umpe salamu zangu aniombee.

Nisalimie shangazi Righa, umshike mkono wakati unamweleza, maana yeye ndiye aliyeamini kuliko wote. Nisalimie wale wanaume wanane wa kwaya, migongo yao Mungu aibariki. Nisalimie bwana harusi, ingawa simjui. Mwambie nina mpango wa kumchunguza. Mghoi umbusu kwenye paji la uso. Na shemeji Mghanga mwambie namsalimia, na kama hatajibu nitaelewa.

Jambo moja la mwisho. Baba alikuwa na tabia yake saa ya kufunga. Hakuwa anasubiri wimbo uishe, kwa maana walevi wangeomba mwingine. Alifungua kifuniko, akakata stima wimbo ukiwa katikati, wakaenda kwao wakinung'unika. Kesho yake akiwasha, wimbo unaendelea pale ulipokatwa. Ile jioni ya kuniaga aliikata hivyo hivyo. Mimi nilikuwa uani nafunga sanduku langu kamba, nilisikia tu muziki umenyamaza, sikushika ni wimbo gani. Tangu siku hiyo haijafunguliwa. Kwa kuwa mliibeba wima, santuri itakuwa bado iko kwenye sahani yake, na sindano juu yake.

Shemeji asiitoe. Asafishe vingine vyote, aiwashe, muache baba amalize wimbo wake. Halafu uniandikie ulikuwa upi.

Mdogo wako,
Mwakio